Rabha Aliolewa Mara Mbili na Mume Yuleyule

Ukitaka kumwona Rabha hapa Sefru huna haja ya kumtafuta. Pita mtaani kwetu asubuhi, utamkuta kwenye ngazi za nyumba ya mama yake na sindano mkononi, anasuka vifungo vya jalaba, lile joho letu refu. Vifungo vya uzi, vile vidogo kama punje ya dengu, vinavyopangwa kifuani kuanzia shingoni mpaka chini. Nusu ya wanawake wa mji huu wanaifanya kazi hiyo, na wengi wanaifanya huku wanapiga domo. Rabha zamani alikuwa bingwa wa domo. Siku hizi anasuka, anaangalia simu, anasuka tena.

Wanaopita wanamuuliza neno moja tu. "Bado?" Naye anajibu hivyohivyo, bila kuinua kichwa. "Bado."

Nasema mapema ili usije ukasoma mpaka chini ukitegemea ndege na maua uwanjani: hii si habari ya subira iliyolipa. Ni habari ya watu wenye akili zao waliomsikiliza mjinga mwenye kompyuta.

Rabha aliolewa na Anwar mwezi wa sita, msimu wa cheri, wakati mji mzima una midomo myekundu. Anwar ni kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, mtoto wa Hajj Bouazza fundi viatu. Walipendana tangu wakiwa shule, kila mtu alijua, hata mwalimu wa hesabu alijua. Mwaka huo jina la Anwar lilitoka kwenye bahati nasibu ya Marekani, ile ya kadi za ukazi. Alikuwa ameijaza kwa Si Mfaddal; "Si" kwetu ni kama kusema "Bwana".

Si Mfaddal ndiye mwenye ile kafe ya intaneti karibu na stendi ya teksi za Fes. Ana printa, ana kitambaa cheupe cha kupigia picha, na ana jibu kwa kila swali. Kwetu hapa mtu haendi kwa wakili. Anaenda kwa Si Mfaddal, kwa sababu amejaza fomu za binamu wa fulani na binamu wa fulani sasa yuko Boston. Kwamba wengine aliowajazia wako hapahapa Sefru wanauza nanaa, hilo halihesabiwi.

Basi, Anwar akiwa anasubiri kuitwa kwa usaili wake, Hajj Bouazza akaanza kukohoa damu. Daktari wa Fes alisema maneno mengi, maana yake ilikuwa moja. Mzee akamwita mwanawe akamwambia anataka kumwona bi harusi akiingia mlangoni mwake kabla hajafa. Hakuomba kingine.

Hapa ndipo Anwar alipoenda kumuuliza Si Mfaddal. Na Si Mfaddal, huku anakula mbegu za alizeti, akamwambia hivi: "Umejaza kwamba huna mke. Ukioa sasa umebadilisha faili. Ukibadilisha faili wanakufuta. Soma fatiha, fanya karamu yako, ila usiende kwa kadhi kuandikisha. Karatasi utaifanya ukishapata kadi."

Kila kitu alichosema kilikuwa kosa. Mtu akioa kabla ya kusafiri anamuongeza mke kwenye faili, wanaitwa wote wawili, wanapanda ndege moja. Hata foleni hawaioni. Lakini nani angemwambia? Fatiha kwetu ni ndoa. Imamu amekaa, mahari yametajwa, watu wameinua mikono, wamekula nyama. Bibi zetu wengi waliolewa hivyohivyo na wakazaa ukoo mzima bila kumwona kadhi. Karatasi ilionekana kama kitu cha kumalizia baadaye, kama kupaka rangi ukuta.

Harusi ikafanyika. Nilikuwepo, nilikula. Kwa kawaida bi harusi akifika mlangoni anapokewa na mama mkwe kwa maziwa na tende. Siku ile Lalla Tamu, mama yake Anwar, alikuwa amesimama na trei tayari, na ghafla watu wakapisha njia. Hajj Bouazza ametoka chumbani. Alikuwa hajasimama kwa wiki kadhaa. Alichukua bakuli la maziwa kwa mikono yake miwili, akamnywesha Rabha mwenyewe, na kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, maziwa yakamwagika mbele ya kaftani yake yote. Akasema, "Sasa we ni mwanangu, uende ukafue." Watu walicheka mpaka wakalia. Wengine walilia tu.

Rabha akahamia kwa wakwe zake. Majani yalipoanza kuanguka Anwar akaitwa, akapita, akaondoka. Kwenye usaili aliulizwa kama ana mke. Akasema hana.

Lalla Tamu alikuwa mwanamke mwema. Bado ni mwema, na hilo ndilo linalonikera. Mwanawe alipofika Marekani, Si Mfaddal akamwambia Wamarekani wana macho, wanaweza kutuma mtu aulize mtaani. Yule mama akaogopa mpaka hamu ya kula ikamtoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na sahani ya biskuti za lozi, akawaomba watu wafute picha za harusi kwenye simu zao. Walifuta. Aliwaomba wasiseme. Hawakusema. Mtaa mzima uliagizwa usahau karamu ambayo bado mifupa yake ilikuwa kwenye meno ya paka.

Halafu akamgeukia Rabha. Hakumfokea, alimshika mkono. Alimwambia ni afadhali arudi kwa mama yake kwa muda, akae kama msichana, mpaka Anwar aje amuoe tena kwa karatasi.

"Nitakaaje kama msichana, Lalla?" Rabha akamuuliza.

"Kama ulivyokuwa unakaa zamani."

"Zamani nilikuwa sijalala kwenye nyumba yako."

"Basi usiseme," Lalla Tamu akamjibu. "Unadhani mimi napenda? Nakutunzia mume."

Rabha akabeba godoro lake na sindano zake akarudi kwa mama yake, nyumba ya tatu kutoka pale. Na kuanzia siku ile, nawaambia ukweli, kulikuwa na kitu kimekaa vibaya mtaani kwetu. Watoto walikatazwa kuimba nyimbo za ile harusi. Ukitaja msimu wa cheri mbele ya Lalla Tamu alikuwa anageuza mazungumzo. Mgeni akiingia mtaani amevaa miwani na viatu visafi, wanawake walikuwa wanafunga milango. Mara moja alikuwa ni mtu wa mita za maji. Alirudi alikotoka bila kusoma hata mita moja.

Kule hamamu, ambako hakuna siri inayokaa na nguo, walimtania. "Karibu binti," walikuwa wakimwambia, wakimpa ndoo ya maji moto. "Jifunike, usituone sisi wake za watu." Alicheka nao mwanzoni. Watu wa mitaa mingine, wasiojua mpango, walidhani ameachika. Mwanamume mmoja mjane kutoka Bhalil, kijiji jirani, mwenye nyumbu wawili na meno ya kutosha, akaja na sukari ya kibonge kuposa. Mama yake Rabha, Mama Hniya, alimnywesha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia binti bado mdogo. Mjane akamwangalia Rabha, mwanamke mzima aliyekaa pale anasuka vifungo, akasema, "Mdogo wa nini, Hajja?" Mama Hniya akamrudishia sukari. Mjane akaondoka nayo akisema watu wa Sefru wana dharau.

Hajj Bouazza alikufa wakati wa baridi. Hili nataka ulikumbuke. Anwar alikuwa na wiki chache tu Marekani, hakuja. Na Rabha, aliyenyweshwa maziwa na yule mzee, alikaa msibani upande wa majirani. Wake wa familia walikaa chumba cha ndani wamevaa nyeupe. Yeye alikaa uani na sisi. Lalla Tamu alimwona, akaangalia pembeni.

Baridi iliyofuata Anwar akaja. Alikuwa amenenepa, anafanya kazi ya kupeleka piza kwa gari, na alikuwa na mwezi mmoja tu. Walienda kwa kadhi wakaandikisha. Si Mfaddal akasema karatasi haitoshi, Wamarekani wanataka kuona harusi. Kwa hiyo ikafanyika harusi ya pili.

Mimi harusi ya pili siwezi kuisahau kwa sababu hakuna aliyecheka mahali panapostahili. Kulikuwa na mvua ya barafu. Kaftani ilikodiwa nyingine ili isifanane na ile ya kwanza. Wapiga ngoma walikuwa walewale, na yule mkubwa wao alimuuliza Lalla Tamu, bila ubaya, kama wapige zilezile. Rabha alifika mlangoni, Lalla Tamu akampa maziwa na tende, na mpiga picha akasema hakupata vizuri, warudie. Wakarudia. Kigelegele kikatoka kama kikohozi. Mama Hniya alinong'ona karibu yangu kwamba mchezo wa namna hii unaleta mkosi, nikamwambia anyamaze, kamera inarekodi.

Kisha Anwar akarudi na faili likaanza safari. Kwenye faili iliandikwa kwamba walifahamiana kwa karibu baada ya Anwar kuhamia Marekani, wakaoana alipokuja likizo. Si Mfaddal ndiye aliyetunga. Alisema hadithi fupi haina makosa.

Sasa, foleni. Mwenye uraia wa Marekani akimwita mke, mke hapangi foleni. Mwenye kadi ya ukazi tu, kama Anwar, mke wake anapanga foleni na wake wa dunia nzima: wa Manila, wa Dhaka, wa Santo Domingo, wote. Nafasi ni chache kwa mwaka. Siku ombi lako lilipopokelewa inakuwa tarehe yako, na kila mwezi wanatoa tarehe moja kwenye jedwali. Ikiipita yako, mlango wako umefunguka. Isipoipita, unasuka vifungo.

Rabha alilijua lile jedwali kama wengine wanavyojua nyakati za swala. Miezi mingine tarehe ilisogea. Miezi mingine ilisimama. Halafu kuna mwezi ilirudi nyuma. Hakuelewa kwanza, akaja kunionyesha simu akidhani imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, wanaomba wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wanarudisha mstari. Akaniuliza mstari unaweza kurudi mpaka wapi. Nikasema sijui. Akasema, "Ukirudi mpaka msimu ule wa cheri, mimi niko tayari." Nilicheka. Yeye hakuwa ametania.

Anwar alikuwa anakuja mwezi mmoja kila mwaka. Simu za picha kila siku. Sitamsingizia, hakuwa na mwanamke mwingine, au kama alikuwa naye hatukusikia, na sisi tunasikia. Alikuwa amechoka tu. Alikuwa anaongea na mkewe akiwa ameegesha gari gizani katikati ya magari mengine, na harufu ya piza, anasema, inamtapisha. Alikuwa anamkumbusha jambo moja kila mara. "Wakikuuliza harusi, ni ya baridi. Umenisikia? Ya baridi. Wakijua nilikuwa na mke siku nilipoapa sina, wananinyang'anya kadi na wewe hupati chochote."

"Nimesikia."

"Rudia."

Na alikuwa anarudia. Mvua ya barafu, kaftani ya kijani, Lalla Tamu na maziwa. Alirudia mpaka akawa anaisema usingizini, Mama Hniya ndiye aliyeniambia. Mtu kama huyo ukimwona unaweza kudhani yuko salama kwa sababu amejiandaa. Mimi nilianza kuogopa hapo hapo. Aliyekuwa na jambo la kweli asingelirudia hivyo.

Siku ikafika. Jedwali lilisogea, wakamwita Kazablanka, kwenye ubalozi mdogo wa Marekani. Lalla Tamu na Mama Hniya walimsindikiza wote wawili, wakakaa kwenye mkahawa ng'ambo ya barabara bila kunywa kahawa waliyoagiza. Yaliyotokea ndani Rabha alinisimulia mwenyewe baadaye, neno kwa neno, na sijawahi kumwona akibadilisha hata moja.

Ofisa alikuwa msichana wa Kimarekani, mpole, ana mafua. Pembeni yake mkalimani, mama wa Kifasi, mtu wa Fes, aliyevaa ushungi wa bluu. Wakamuuliza maswali ya kawaida. Mume anafanya kazi gani, anaishi na nani, anapenda kula nini. Rabha akajibu vizuri, hata akamchekesha. Alisema mume wake anapeleka piza mchana kutwa na jioni anamwomba amwonyeshe sahani ya dengu kwenye simu. Ofisa akaangalia picha za harusi moja moja. Akauliza ilikuwa lini. Rabha akasema baridi. Kila kitu kikaenda.

Ofisa akafunga albamu. Kwa jinsi Rabha anavyosimulia, alikuwa amemaliza, mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye muhuri. Na kwa wema tu, kama mtu anavyoongea na mtu huku anatafuta kalamu, akauliza ni kitu gani cha siku ile ya harusi hatakisahau.

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi.

Rabha akasema, "Baba mkwe wangu alitoka kitandani akaninywesha maziwa kwa mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Alinimwagia kaftani yote, akaniambia nikafue."

Mkalimani alitafsiri huku anatabasamu. Ofisa naye akatabasamu. Akaanza kuandika, akasimama. Akafungua faili, akarudi ukurasa, akarudi mwingine.

Akauliza baba mkwe yuko hai.

 Rabha alisema hapana, alishafariki. Ofisa akauliza lini, ingawa jibu lilikuwa mbele yake, Anwar mwenyewe alilijaza. Na Rabha akawa amenaswa, kwa sababu hakuna namna ya mzee kumwaga maziwa kwenye harusi iliyofanyika mwaka mzima baada ya kaburi lake.

Yule mama wa Kifasi akamwinamia Rabha. Kisha akasema kwa Kiarabu chetu, taratibu, "Dada, hili swali linalokuja, fikiria kabla hujajibu."

Ofisa akauliza kama alikuwa mke wa Anwar kabla Anwar hajaenda Marekani.

Nimelifikiria hili sana kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii. Kusema hapana ilikuwa rahisi. Lakini weka akili yako pale. Mama wa Kifasi wa rika la mama yako anakuangalia. Ulilala nyumba ya mtu msimu mzima, ukapika, ukamfulia mzee shuka za damu. Ukisema hukuwa mke, ulikuwa nani? Amekaa uani msibani, ameposwa na mjane wa Bhalil, amepewa ndoo ya mabinti hamamu, yote amemeza. Hilo moja lilikataa kushuka.

"Nilikuwa mke wake," akasema. "Mbele ya Mungu na mbele ya baba yake."

"Mbona kwenye faili mmesema hivi?"

"Tuliambiwa."

Hakugombezwa. Anasema afadhali angegombezwa. Alipewa kikaratasi cha rangi kinachosema ombi linahitaji uchunguzi zaidi na kwamba watawasiliana. Mkalimani alimsukumia tishu kupitia kile kitundu chini ya kioo, ingawa Rabha hakuwa analia.

Kule mkahawani Lalla Tamu alimwona anavyovuka barabara, akajua. Alimuuliza, "Umewaambia nini?" Rabha akamwambia. Wakapanda basi, wakakaa njia nzima mpaka Fes, mama wawili na yeye katikati. Walipokaribia kushuka Lalla Tamu akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na dirisha, "Hata akifa mzee wangu lazima amwage kitu." Kisha akaanza kulia, na Rabha ndiye aliyembembeleza.

Faili lilirudishwa Marekani. Anwar akaitwa aeleze. Hapo ndipo, baada ya miaka yote hiyo, alipoenda kwa wakili wa kweli, jamaa wa Meknes mwenye ofisi Boston. Wakili alimsikiliza, akavua miwani, akamwambia kitu ambacho Anwar alimpigia Rabha palepale barabarani kumwambia.

"Amesema fatiha bila karatasi si ndoa," Anwar akamwambia. "Kwa serikali yetu si ndoa, kwa hiyo na kwao si ndoa. Ilikuwa karamu. Nilipoapa sina mke nilikuwa nasema kweli, Rabha. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nasema kweli."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka kujua kwa nini tulificha."

Soma hapo tena kama umepita haraka. Hapakuwa na kosa la kuficha. Kosa ni kuficha kwenyewe. Wangesema tangu mwanzo, tulifanya karamu kumfurahisha mzee na karatasi tukaifanya baadaye, ofisa angegonga muhuri akaendelea kupenga kamasi zake. Sasa wana mume aliyeapa hivi, mke aliyeapa vile, picha za harusi ya maigizo, na hadithi fupi ya Si Mfaddal isiyo na makosa. Wakili amesema anaweza kuieleza. Hakusema lini. Amemwambia Anwar asitoke Marekani hata siku moja mpaka jambo liishe, kwa sababu akitoka huenda asirudi. Kwa hiyo ule mwezi mmoja wa kila mwaka nao umekufa.

Zamani Rabha alikuwa na jedwali. Tarehe ilikuwa inasogea, inasimama, inarudi, lakini ilikuwepo. Uchunguzi hauna jedwali. Bado anaangalia simu kila asubuhi. Anaangalia nini, sijui.

Nilienda kwa Si Mfaddal. Nilimwambia yote aliyosema wakili. Alinisikiliza huku anampiga picha dada mmoja kwenye kile kitambaa cheupe, akamwambia ainue kidevu, kisha akanijibu bila kugeuka: "Mimi najaza mnachoniambia nijaze." Nje ya duka lake kuna watu kwenye benchi wanasubiri. Bahati nasibu imefunguliwa tena.

Na mwaka huu kwetu mtaani jina la mwingine limetoka. Kijana wa nyumba ya kona, Zuhair. Mchumba wake ni Wiam, mtoto wa Bi Kbira wa mlango unaotazamana na wa Mama Hniya. Wiki iliyopita tulianza kuona magunia ya unga yanaingia. Bi Kbira akavuka njia, akaja na kaftani mpya mkononi, nyeupe, akamwomba Rabha aisukie vifungo. Alisema hakuna mwenye mkono kama wake.

Rabha aliipokea kaftani, akaipapasa. Akauliza watoto wanaenda kwa kadhi lini.

Bi Kbira akasema kwa kadhi baadaye, kwanza fatiha, mtoto wa watu asiondoke bila baraka.

"Waende kesho," Rabha akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi nilimsikia akiongea sentensi ndefu. "Karatasi kwanza, Khalti. Waandikwe, Zuhair apeleke jina la Wiam kwenye faili lake kabla hajaitwa. Wataitwa wote wawili. Ataondoka naye. Usimwache nyuma."

Bi Kbira alimwangalia kwa huruma fulani iliyonichefua. "Si Mfaddal amesema tusiguse faili."

"Mimi pia aliniambia hivyo."

"Najua, mwanangu. Lakini wewe kilichokuharibia ni ulimi." Alisema kwa upole, akamshika bega. "Sisi Wiam tumeshamfunza asiseme."

Akarudi kwake. Rabha alikaa na ile kaftani magotini. Nilimwambia airudishe, amwambie atafute msusi mwingine, na mimi niko tayari kuibeba mlangoni kwa Bi Kbira na kuongea nikiwa pale. Akaniambia nimuache. Akasema wakisukiwa na mwingine au na yeye, fatiha itasomwa.

Imesomwa jana baada ya swala ya alasiri. Madirisha ya Bi Kbira yalikuwa wazi kwa sababu ya joto na tulisikia kila kitu kutoka kwenye ngazi: sauti ya imamu, viti vinavyoburutwa, mtoto anayenyamazishwa. Meza ya karamu ilikuwa imejaa cheri. Lalla Tamu alikuwa amealikwa, alipita mbele yetu amevaa vizuri, akamgusa Rabha kichwani, akaingia.

Rabha alikuwa bado na kifungo cha mwisho, cha akiba, kile kinachoshonwa kwa ndani endapo kimojawapo kitakatika. Kule ndani walipoitikia amina, alikata uzi kwa meno, akanipa nikikimbize ng'ambo kwa Bi Kbira.